Kimya cha Saa Kumi

Sindeni, Handeni
6 Mei 2024

Kwa Mtangazaji Simeo Semboja,
Redio Sauti ya Luengera, Korogwe

Salamu. Wewe hunijui, mimi nakujua kwa sauti tu. Ni mkulima wa huku Sindeni, mjane, na naandika kulalamika.

Redio yenu inasoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana. Kabla ya kutaja jina la marehemu mnapiga kile kinanda kizito, kinachovuta kama mtu anayeburuta gunia. Kikianza tu, huku kwetu michi inasimama, watu wanakaa chini, tunasubiri kusikia ni wa ukoo gani. Hilo tumelizoea na wala sina ugomvi nalo.

Jana Jumapili nilisahau kuzima redio kama ninavyozima siku zote baada ya vifo, na saa kumi jioni kinanda kile kile kikaanza. Nikamwita jirani yangu Husna, akaja na kanga kichwani. Wakaja na wengine. Tukajua amekufa mkubwa, maana wakubwa wakifa redio hazisemi haraka, zinapiga vinanda kwanza. Kikapigwa, kikapigwa. Mama mmoja ambaye mwanawe ni dereva wa lori akaanza kulia, na hajui anamlilia nani. Ndipo ukatokea wewe na sauti yako ya asali ukasema, "Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza, mpenzi msikilizaji. Tuvute pumzi, tuingie sehemu ya pili."

Mtangazaji, nani alikufa?

Kama hakuna aliyekufa, badilisha kinanda. Yule mama presha yake haijashuka mpaka leo. Barua hii nampa Dunstan, konda wa basi la Korogwe, maana simu yangu ni ya kitochi na mtandao huku mpaka upande juu ya kichuguu.

Ni mimi,
Swaumu binti Sabiri


Korogwe
14 Mei 2024

Mama Swaumu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Hakuna aliyekufa. Tafadhali niombee radhi kwa yule mama, na umwambie mwanawe na lori lake wako salama kwa kadiri redio inavyojua.

Kisa chenyewe ni hiki. Muziki ule ni wa fidla kubwa, wanaiita selo. Mpigaji anaikalisha katikati ya magoti kama mtoto anayenyolewa. Niliuchagua uwe mlango wa kipindi changu cha Sauti Kubwa, kisha kijana wetu wa mitambo, Deogratius, akaona unafaa pia kwenye vifo, akauchukua bila kuniuliza. Lakini mama, sikubali kwamba ni muziki wa kifo. Usikilize tena. Ni muziki wa mtu anayesubiri. Unapanda, unachungulia, hauoni mtu, unashuka. Halafu unapanda tena. Aliyekufa hachungulii.

Na baada ya mlango huo ndipo inaingia opera. Ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawaongei, wanaimba tu, hata wakiombana chumvi. Wanaimba bila kipaza sauti katika ukumbi unaoweza kumeza kanisa letu zima la Kwashemshi, na mtu aliyekaa nyuma kabisa anasikia. Daktari mmoja Mjerumani aliyefanya kazi huko kwetu milimani aliondoka akatuachia sanduku la kaseti. Mimi niliziona takataka. Mke wangu Janeth ndiye aliyeniambia nikae nisikilize. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yetu, na alikuwa akiimba sambamba na kaseti zile kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, kwa Kishambaa, kuhusu kuku na majirani. Anakusalimu sana.

Nakuomba Jumapili moja tu. Ukichukia, nitabadilisha.

Wako,
Simeo Semboja


Sindeni
20 Mei 2024

Mwanangu Simeo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa uani, na Husna kacheka mpaka kamwaga maharage, hapo pa mtoto anayenyolewa. Jana tukatandika mkeka tukasikiliza. Yule mama wa dereva amekataa, kasema hachezei moyo wake.

Sasa nijibu. Huyo mwanamke wa jana, mke wa mlinzi wa daraja. Umesema mafuriko yamebeba daraja, mumewe kabaki ng'ambo, yeye ni mgonjwa, na kabla ya kukata roho anaimba ule wimbo mrefu. Mimi nimeuguza, Simeo. Mume wangu Ukasha aliumwa humu humu mikononi mwangu. Mtu anayekufa haimbi. Hana hiyo pumzi. Anaomba maji, na wakati mwingine haombi kwa mdomo, anatazama tu upande ulipo mtungi. Ukiwa umetoka nje, hujui kama ameomba.

Na huyo mume alikuwa anafanya nini ng'ambo muda wote huo? Mto una juu na una chini. Kwa nini hakutafuta kivuko?

Lakini sitakudanganya. Alipofika kule juu, sauti ikakonda kama uzi, machozi yalinitoka, na sikuelewa hata neno moja. Kosa ni lako tu: wimbo ukiisha unadakia kuongea. Tuache kidogo. Mtu akimaliza kulia humrukii na maneno.

Kinanda usibadilishe kwanza. Ila huyo mkeo wa kuku na majirani, muweke redioni. Huyo tutamwelewa wote.

Swaumu


Korogwe
29 Mei 2024

Mama Swaumu,

Shikamoo. Umeniuliza swali ambalo hakuna msikilizaji aliyewahi kuniuliza, nami nimetembea nalo wiki nzima.

Ni kweli, mtu anayekufa haimbi. Watunzi walijua hilo, nao waliuguza. Lakini katika opera ile dakika ya mwisho inavutwa, inatandazwa kama unga wa kuanikwa juani, ili yale ambayo mgonjwa angependa kuyasema na hakuwahi ayaseme yote. Huo ndio uongo wa opera, na ndiyo rehema yake. Mimi nikisikiliza nafikiri: kumbe sauti haifi kirahisi. Kumbe unaweza kuiita ikarudi. Mpigie mtu muziki alioupenda, umpigie tena na tena, na kitu ndani yake kitaitika.

Kuhusu kudakia, nisamehe. Meneja wetu Benedicto ana sheria moja kubwa: redio isinyamaze. Ikinyamaza, msikilizaji anadhani betri zimekwisha, anahama. Nimeishika sheria hiyo miaka yangu yote ya kazi mpaka nyumbani nikisikia kimya naanza kutangaza.

Janeth yuko Kwashemshi, amekwenda kuvuna maharage. Akirudi nitamweleza ombi lako. Atafurahi sana.

Simeo


Sindeni
10 Juni 2024

Mwanangu Simeo,

Sasa saa kumi za Jumapili hapa kwangu pamekuwa kama madrasa. Tunasikiliza huku tunapukuchua mahindi. Jana kafika hata mama wa dereva, kakaa mbali kidogo, karibu na banda la mbuzi, ili akizidiwa akimbie. Kinanda chako kilipoanza akatutazama usoni mmoja mmoja. Alipoona hakuna anayelia, akatulia. Sasa mimi mwenyewe kikianza nasikia furaha. Hebu fikiria, kinanda cha vifo.

Ila haya maharage ya Kwashemshi ni maharage gani yasiyoisha kuvunwa? Sisi tumeshakula yetu. Mpe Janeth salamu, na umwambie kuna wanawake Handeni wanamngoja.

Swaumu


Korogwe
18 Juni 2024

Mama Swaumu,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ufupi. Janeth amerudi hapa Korogwe, ila mafua yamemkamata, koo limekauka, na daktari amemkataza kuongea kwa muda. Akipona tutaona. Anafurahia barua zako zote.

Jumapili nitawapigia tena mke wa mlinzi wa daraja. Najua mmempenda.

Simeo


Sindeni
24 Juni 2024

Kwa Janeth, mke wa Simeo Semboja,
Kwashemshi

Mwanangu, salamu. Mimi ni Swaumu wa Sindeni. Mumeo anasema uko Korogwe una mafua. Nikamwambia Dunstan akupelekee asali pale. Dunstan kauliza makonda wenzake, na yule wa gari la Kwashemshi kamwambia huyo mama hajateremka Korogwe tangu mwaka jana.

Sikuandikii kuchimba mambo ya ndani ya nyumba yako. Nakutumia asali ya nyuki wadogo, inalainisha koo. Kama kuna mafua, itakusaidia. Kama si mafua, ni tamu tu, ile.

Mama yako,
Swaumu


Kwashemshi
2 Julai 2024

Kwa Mama Swaumu,

Shikamoo mama. Anayekuandikia ni Filomena, mdogo wake Janeth. Ningependa akujibu yeye. Hawezi.

Dada alipatwa na kiharusi mwaka jana mwezi wa Novemba. Ni upande wa kulia wote, mkono na mguu, pamoja na ulimi. Anaelewa kila kitu tunachosema, ila neno halitoki. Asali tulimpa kwa kijiko. Akafumba macho, kisha akanyoosha kidole kuomba nyingine. Nilimsomea barua yako, na hapo pa "ni tamu tu, ile" mdomo wake ulisogea upande mmoja. Sisi huku tunajua ndivyo anavyocheka sasa.

Shemeji Simeo si mtu mbaya, mama, naomba usimfikirie hivyo. Anatuma kila kitu, hakuna kilichopungua. Anapanda Jumamosi mchana, na Jumapili asubuhi anateremka kwenda kwenye kipindi. Kabla ya kuondoka anaweka redio karibu na mto wa dada, anamwambia, "Saa kumi nitakuimbishia." Anaamini zile sauti zitamrudishia yake. Amekuwa akilisema hilo tangu hospitali, na wauguzi walimwitikia kwa huruma tu.

Mimi ndiye ninayekaa na dada hiyo saa kumi. Kinanda kikianza anakaza shingo. Wanawake wale wakianza kuimba anageukia ukutani. Analia, na si kilio cha kuguswa. Jumapili ya Pentekoste aliisukuma redio kwa mkono wake mzima ikaanguka, betri zikaingia chini ya kitanda. Shemeji alipouliza nikasema paka. Nilipomwambia kwamba dada hulia wakati wa kipindi, uso wake uliwaka, akasema, "Unaona? Muziki unamfikia."

Mimi ni shemeji yake, tunaheshimiana. Huku kwetu siwezi kusimama mbele ya mume wa dada yangu nikamwambia anamtesa mkewe. Jambo kama hilo huletwa na mtu mzima wa nje ya nyumba. Wazee wa hapa wote wanajivunia sauti yake redioni, hakuna atakayethubutu.

Nilimuuliza dada anataka nini Jumapili. Nikataja kimoja kimoja, mchungaji, kwaya, uji, jua la nje. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Nilipomtaja mumewe alifumba mkono akaushika mkono wangu mpaka ukauma.

Daktari ameniambia mimi peke yangu kwamba moyo wake umechoka, tusihesabu mbali. Shemeji hataki kuyasikia hayo.

Nimesema nisiyopaswa. Naomba unisaidie.

Filomena


Sindeni
6 Julai 2024

Simeo mwanangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, na sasa naandika nyingine. Kaa chini.

Najua kuhusu Janeth. Usitafute nani kasema. Makonda wa Tanga nzima wanajua, na mimi nina masikio. Sikulaumu kwa kunificha. Ukasha alipoanza kuumwa mimi nami niliwaambia watu ni malaria, miezi mingi, kwa sababu nikisema jina lenyewe lingekaa ndani ya nyumba pamoja nasi.

Lakini umekosea kitu kimoja, nami nakwambia kama mama. Mkeo halii kwa kuguswa. Fikiria umekatika miguu, na kila Jumapili mtu anayekupenda anakuletea watu waje wacheze ngoma mbele ya kitanda chako. Hiyo sauti ndiyo aliyonyang'anywa, Simeo. Wewe unampigia ya wanawake wengine, nzima, kubwa, inayojaza ukumbi. Anageukia ukutani kwa sababu hana mkono wa pili wa kuziba sikio.

Ulinifundisha opera, basi nami nitakuuliza kwa opera. Nani yuko ng'ambo ya mto? Yule mume nilikuwa namkasirikia bure kila Jumapili, kumbe nasikiliza sauti yake mwenyewe ikinikaribisha. Na wewe huna hata mafuriko. Kati ya Korogwe na Kwashemshi kuna barabara na bodaboda.

Yeye hataki muziki. Anakutaka wewe, ukae hapo, unyamaze. Anaomba maji na wewe uko redioni. Nenda.

Nakupenda si kidogo, ndiyo maana nimesema.

Mama yako,
Swaumu


Korogwe
11 Julai 2024

Bi Swaumu,

Nimepata barua yako. Nilikuheshimu, nikakufungulia mlango kama msikilizaji, na wewe umeingia mpaka chumbani.

Hujawahi kumwona mke wangu. Hujamsikia akiimba. Machozi yake ndiyo kitu pekee kilichobaki kinachoniambia kwamba bado yumo, nawe unataka uniondolee hicho. Nikinyamaza mimi, nani ataongea katika nyumba ile?

Tafadhali usiniandikie tena.

S. Semboja


Kwashemshi
5 Agosti 2024

Mama Swaumu,

Shikamoo. Shemeji kaja Jumamosi iliyopita akiwa na begi kubwa badala ya lile dogo. Jumapili asubuhi nilimwekea chai ya safari, hakuinywa, na gari likapiga honi likaondoka bila yeye. Hajaniuliza chochote. Amekaa. Mengine sijui, nilitoka nikaenda kukata kuni ambazo sikuzihitaji.

Filomena


Sindeni
26 Agosti 2024

Simeo mwanangu,

Ulinikataza kuandika. Leo nitavunja.

Jumapili zote hizi saa kumi yule kijana Deogratius alikuwa akipiga nyimbo za vijana na kutangaza mpira, na mimi nilikuwa nafurahi. Husna alitaka kuzima, nikamwambia acha, hii kelele ni habari njema. Maana yake Simeo hayupo.

Jana saa kumi kikaanza kinanda chako. Nikasema, karudi! Nikasema, basi Janeth atakuwa ana nafuu, ndiyo maana kateremka. Nikatandika mkeka kwa mikono yangu, nikamwita Husna, nikamwita mama wa dereva, akaja mbio akakaa mbele kabisa, mahali ambapo hajawahi kukaa. Tukatulia tukikusubiri. Husna alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nakuandalia maneno ya kukuchokoza.

Akaongea Deogratius. Akasema, "Mtangazaji mwenzetu, ndugu Simeo Semboja wa Kwashemshi, anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpendwa." Na sisi tumekaa pale kwenye mkeka, tumevaa nyuso za furaha.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Pole mwanangu. Nimelia, na sasa ninajua ninamlilia nani. Goti haliniruhusu kupanda huko milimani. Husna anakuja na unga, na kanga yangu mpya amfunge Filomena. Usijibu mpaka utakapoweza.

Swaumu


Kwashemshi
15 Septemba 2024

Mama Swaumu,

Shikamoo. Husna alifika. Alikaa jikoni na wanawake wa huku kana kwamba amezaliwa hapa, na alipika ugali mgumu wa Kizigua ambao wazee wanausema mpaka leo.

Barua yako ya Julai niliibeba mfukoni nikiwa na hasira nayo. Jumapili tatu niliendelea na kipindi. Jumapili ya tatu nilimpiga tena mke wa mlinzi wa daraja, na alipofika kule juu nikasikia swali lako, mto una juu na una chini. Nilizungumza mpaka mwisho wa kipindi, sikumbuki nilisema nini. Wiki iliyofuata nilimwambia Benedicto naondoka, hata kama hakuna wa kushika nafasi yangu.

Siku ya kwanza sikuweza, mama. Nilikaa kando ya kitanda na kimya kikanishinda. Nikaanza kutangaza. Nikamwambia sasa ni saa nne asubuhi, mawingu yamefunga upande wa Lushoto, jirani anapitisha ng'ombe. Naona aibu kukuandikia haya, lakini niliongea na mke wangu hivyo, kama naongea na mtu aliye mbali. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akainua ule mkono mzima, akauweka juu ya midomo yangu. Aliuweka tu, ukakaa. Ulikuwa na harufu ya sabuni ya Filomena.

Nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nilipoanza kazi hii.

Baada ya hapo tulikaa hivyo kila siku. Nilianza kusikia. Majani ya migomba, mtu anayeita mtoto bondeni, bati likijinyoosha jua likipanda. Yeye alikuwa amekwisha kuvijua vyote. Kila kimoja kilipotokea alinigonga kiganjani kwa kidole kabla sijakisikia mimi, kama mtu anayeongoza kwaya na mwimbaji mmoja amechelewa. Kumbe alikuwa analala pale na muziki wake siku zote, na mimi nilikuwa naufunika na wangu.

Sauti yake haikurudi. Nataka ulijue hilo, maana wewe huwezi kupenda nikipamba. Jumapili ile asubuhi hakuimba wala hakutamka jina langu. Alitazama upande ulipo mtungi. Nikakumbuka, nikainuka, nikampa maji kwa kijiko. Akameza kidogo, mengine yakateremka shavuni, nikamfuta. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuniomba kitu, na nilikuwepo.

Jioni watu walikuwa wamejaa uani, mtu kafungua redio kusikiliza tangazo. Muziki wangu ukaanza. Wote wakakaa chini. Mama, nilibishana nawe kwamba ule ni muziki wa mtu anayesubiri. Nilisimama mlangoni nikasikia ulichokisikia wewe siku ile ya kwanza. Unaburuta gunia. Nikamlilia Janeth mpaka wazee wakanishika mabega.

Benedicto anataka nirudi. Sijui. Nikifungua kipaza sauti natamani ule mkono uje.

Mwanao,
Simeo


Sindeni
4 Novemba 2024

Simeo mwanangu,

Jana tulikusikia. Acha nikusimulie ilivyokuwa upande wetu, maana wewe uko ndani ya kile chumba huoni kitu.

Deogratius alitangaza mchana kwamba umerudi. Basi kabla ya saa kumi mkeka ulikuwa umejaa. Wakamaliza matangazo, wakataja jina la kipindi chako. Tukangojea kinanda. Hakuna. Tukangojea sauti yako. Hakuna. Kimya. Husna akasema betri. Mama wa dereva akaitikisa redio, akaipiga kibao mgongoni. Kijana mmoja alishaanza kupanda kichuguu na waya wa antena. Mwingine akasema hamia stesheni nyingine mpaka watengeneze.

Mimi nikaweka sikio karibu. Nikasikia kiti kinalia kidogo. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikawaambia rudisheni mikono, asiguse mtu. Hakijaharibika kitu. Simeo yupo pale, amekaa na mkewe kwanza.

Wakanyamaza wote, Simeo. Hata wale watoto. Tukasikia mbuzi wakitafuna, na upepo kwenye mabua ya mahindi, na mama wa dereva akanigonga kiganjani kunionyesha njiwa alipokuwa analia juu ya banda, naye hajasoma barua yako hata siku moja. Sijui muda gani ulipita. Benedicto wako atakuwa alikaribia kuzimia.

Kisha ukakohoa, ukasema jina la wimbo, ukapiga. Ukaisha, hukudakia.

Mtu mmoja mgeni alikuwa anapita njiani na baiskeli, akatuona tumekaa vile, kanga vichwani, redio katikati, hakuna anayesema. Akashuka, akavua kofia, akauliza kwa heshima amefariki nani.

Nikamwambia Janeth. Nikamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Mama yako,
Swaumu